Kuku Aliyeweka Namba ya Siri

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kweli isiyotiwa maji wala sukari. Nimeyaona kwa macho yangu mawili, na ambayo sikuyaona nimeyasikia, na ambayo sikuyasikia nayajua tu, maana nimekaa mtaa huu tangu nguzo za umeme hazijasimamishwa. Atakayenishika na uongo mmoja, hata mdogo kama tundu la sindano, nampa redio yangu. Wanaonijua wanaelewa uzito wa kiapo hicho. Ndiyo iliyonipa jina la Babu Redio. Ni ya betri nne, ina mkanda wa kuning'inizia begani na kidude kimoja cha kuzungusha. Ukizungusha kulia inaongea, ukizungusha kushoto inanyamaza. Miaka ishirini na sita haijawahi kuniuliza mimi ni nani.

Tuanze na Fundi.

Fundi ni jirani yangu, mshonaji wa nguo za kike. Chumba chake cha kazi kinatazama barabara: cherehani mbili, ya zamani na mpya, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa chini, na nje ya mlango kuna benchi. Benchi hilo ni ofisi. Fundi anapopima mteja, pini zimejaa mdomoni na tepu imejaa mikononi, hawezi kuandika. Kwa hiyo anaita vipimo kwa sauti ya puani, "Kifua thelathini na nane! Kiuno thelathini!" na yeyote aliyekaa benchini ndiye karani. Awe mteja, awe muuza mkaa, awe mimi. Na hapimi mara moja. Anashuka kifua, kiuno, nyonga, kisha anapanda na kuanza tena, akiita upya ili karani alinganishe. Ndiyo maana nguo zake hazirudi dukani zikilia.

Zamani karani alikabidhiwa daftari. Mwaka huu binti yake anayesoma sekondari akaja na mambo yake.

"Mama, daftari linalowa, linapotea, panya wanalila. Weka vipimo kwenye simu."

"Na simu hailiwi?"

"Simu ina ulinzi, mama."

Neno hilo, ulinzi, lishikeni vizuri. Litatutoa jasho.

*

Kazi kubwa kuliko zote iliingia kwa mlango wa Shangazi. Huyu ni mwenye duka la vyombo, mwanamke wa mwili na wa sauti, na mpwa wake alikuwa anaolewa. Jumatatu alishusha mabinti tisa kutoka kwenye gari la kukodi, bibi harusi na wasimamizi wake wanane, wametoka miji minne tofauti. Walipimwa wote, wakapakiwa tena, wakaenda zao.

"Ijumaa ya wiki ijayo nguo ziwe tayari," Shangazi alisema. "Nikikuta hata moja inambana mtu, Fundi, utanirudishia malipo yangu ya kwanza mpaka sarafu ya mwisho."

"Hazitabana, dada."

"Maneno matamu. Mimi nauza sufuria, nimezoea vitu vinavyong'aa nje."

Malipo ya kwanza yalikuwa tayari yamegeuka satini ya zambarau, marobota mawili, na mume wa Fundi ndiye aliyeyabeba begani. Mume huyu ni mpaka rangi, mtaa unamwita Baba Rangi, na kazi za rangi zilikuwa zimelala. Kwa maneno mengine, ikitokea malipo yanadaiwa, kitu pekee cha kuuza mle ndani kilikuwa ile cherehani mpya. Na fundi asiye na cherehani nzuri ni sawa na mimi nisiye na redio. Anabaki na mdomo.

Jumanne Shangazi akarudi, safari hii apimwe yeye. Jumatatu hakupata nafasi, alikuwa akiamuru.

Sasa nataka ieleweke: mimi siku hiyo sikuwepo benchini. Nilikuwepo, nikapewa simu, halafu nikaenda kunawa mikono. Simu niliiacha juu ya benchi, imelala chali. Kuku wangu mwekundu, ambaye kazi yake kutwa ni kuokota punje chini ya benchi lile, akapanda. Fundi alikuwa ndani ameligeuzia benchi mgongo, anabishana na Shangazi kuhusu mikono: iwe mifupi au mirefu.

Simu ikawaka yenyewe. "Toleo jipya lipo. Sasisha sasa ili kuimarisha usalama wako." Chini yake vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa BAADAYE, kwa herufi nyembamba za rangi ya ukungu, kama mtu anayeona haya. Kingine kimeandikwa KUBALI, kijani, kinene, kimenona kama jongoo wa mvua. Nakuulizeni ninyi mlio na akili timamu: kuku angedonoa kipi?

Akadonoa. Alidonoa na mengine baadaye, lakini kila jambo na zamu yake.

*

Jumatano asubuhi Fundi alinoa mkasi, akatandaza satini mezani, akachukua simu asome kifua cha bibi harusi. Simu ikamtazama kama askari wa getini.

"Weka namba ya siri."

"Namba gani?" Fundi aliiuliza. "Mimi naifungua kwa kuipangusa tu, kama pazia. We binti! Njoo uzungumze na mdudu wako!"

Binti akaja, akapangusa, akabonyeza, akanyamaza. Vijana wakinyamaza mbele ya simu, ujue kuna msiba.

"Mama, imejisasisha. Imewekewa namba sita."

"Imewekewa na nani?"

"Ndiyo swali. Tuna majaribio kumi. Yakiisha inafuta kila kitu."

"Inafuta vitu vyangu? Kwa nini?"

"Kwa usalama wako, mama."

Baba Rangi akasogea kifua mbele. Akasema hakuna namba inayokaa nyumba hii isipokuwa tarehe ya ndoa yao, akaibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayetia saini. Simu ikatikisika kukataa.

"Na tarehe yenyewe umekosea," alisema Fundi. "Hiyo ni siku uliyoleta posa."

"Kwangu mimi ndoa ilianzia hapo."

"Usinipake rangi saa hizi, baba watoto."

Wakajaribu tarehe ya kweli. Wakajaribu siku ya kuzaliwa binti, wakajaribu moja mpaka sita, wakajaribu sifuri sita. Kila wakikosa simu iliwaadhibu: subiri dakika moja, subiri dakika tano, subiri nusu saa. Watu watatu waliketi wakitazama kioo kikihesabu kurudi nyuma, na satini imetandazwa pale mezani bila kazi.

"Si ulisema vitu vyangu vimehifadhiwa wapi sijui?" Fundi akamwuliza binti.

"Kwenye wingu, mama."

"Basi na inyeshe tuvipate."

"Wingu nalo linataka uthibitisho. Linatuma namba ya kuingilia kwenye simu."

"Simu ipi?"

Binti akaitazama ile iliyofungwa.

Wakapiga huduma kwa wateja kwa simu ya Baba Rangi. Sauti tamu ikawakaribisha. Bonyeza moja kwa hiki, bonyeza mbili kwa kile, bonyeza tisa usikie tena. Walipigiwa muziki mpaka Baba Rangi akaanza kuuimba. Hatimaye akaja mtu mwenye pumzi, akasikiliza kisa chote tangu Jumatatu, kisha akauliza kwa adabu kubwa, "Je, mama, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

*

Mchana Fundi alijifunga kitenge, akaenda kwa fundi simu, kijana mwenye kibanda cha kioo na foleni ya watu. Huyu naye aliigeuza simu mara mbili, akaitazama kwa taa.

"Naweza kuiflashi. Itarudi kama ilivyotoka dukani."

"Na vipimo vyangu?"

"Ilipotoka dukani ilikuwa na vipimo vyako?"

Foleni ikacheka. Kijana akanogewa. "Kina mama mnaweka namba wenyewe, mnaisahau, halafu mnatuletea lawama. Si ungeandika daftarini?"

Hapo ndipo palipouma. Fundi alikuwa na daftari! Alikuwa nalo miaka kumi na mbili, na karatasi zake za mwisho alizikata mwezi uliopita kutengenezea ruwaza ya kola. Akachukua simu yake.

"Mama, kuna ada ya kuangalia."

"Kuangalia tu?"

"Macho nayo yanachoka, mama."

Akalipa. Akarudi kwa miguu, na njiani watu wawili walimwuliza nguo za harusi zimefika wapi.

Jioni alimruhusu binti ajaribu tena, maana kukata tamaa nako kunataka kufanyiwa kazi. Namba ya nyumba. Namba ya zamani ya Baba Rangi. Na nyingine mbili za kubahatisha. Kufikia Alhamisi asubuhi simu iliandika kwa herufi nyekundu: "Jaribio moja limebaki."

Fundi akaiweka kabatini, akaifunika kwa kitambaa, kama maiti.

*

Alhamisi hiyohiyo Shangazi akaingia bila kubisha, ana mfuko wa vifungo vya lulu alivyovinunua mwenyewe. Akatazama meza. Satini ilikuwa nzima, haijaguswa na mkasi.

"Fundi, hii ni nguo au ni shuka?"

Fundi angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya. Yeye akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akasema, "Dada, vipimo vimefungiwa ndani ya simu. Namba ya kuifungua hatuijui."

Shangazi akaketi. Kiti kikalalamika, yeye bado.

"Fundi aliyepoteza vipimo," alisema polepole, "ni mpishi aliyepoteza ulimi. Mabinti tisa! Nimewatoa miji minne! Mmoja alipakatwa njia nzima! Nitawaambia nini? Rudini, simu imenuna?"

"Wapigie simu, wakapimwe huko huko na mafundi wengine."

"Na mafundi wengine, kwa nini nisiwape na kazi yenyewe? Hapana. Jumamosi naja kuchukua malipo yangu."

Baba Rangi aliitazama cherehani mpya. Fundi alikuwa tayari ameweka kiganja juu yake, kama mtu anayemshika mtoto barabarani.

Hapo akasimama mzee mmoja mwenye busara, jirani, ambaye kwa unyenyekevu sitamtaja, ila alikuwa na redio begani.

"Wanangu," alisema, "Jumanne simu ilikuwa benchini na kuku. Kuku yule amekulia chini ya benchi. Maisha yake yote amesikia nini? Vipimo. Simu ilipomwambia aweke namba, ameweka nini?"

"Babu Redio," alisema Fundi, "leo sina meno ya kucheka."

Lakini binti aliinua kichwa. "Mama, ngoja. Namba ni sita. Kifua mbili, kiuno mbili, nyonga mbili." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Na simu ukiiwekea namba ya siri, inakwambia uirudie ili ithibitishe. Na wewe huwa unapima..."

"Mara mbili," alisema Fundi.

Chumba kizima kikamgeukia Shangazi. Ndiye pekee aliyepimwa Jumanne, baada ya simu kujizima na kuwaka. Binti, kwa sababu nisizozijua, alinigeukia mimi, akanitazama kwa pembe ya jicho muda mrefu kuliko nilivyopenda.

*

Wanaume tuliamriwa kugeukia ukuta. Niligeuka kwa heshima zote. Ila ukutani kuna kile kioo.

"Kifua," Fundi aliita, "arobaini na nne! Kiuno, thelathini na tisa! Nyonga, arobaini na nane!"

Binti akanyoosha kidole juu ya skrini. Nne. Nne. Tatu.

"Subiri!" alifoka Shangazi.

Kidole kikaganda hewani.

"Ile Jumanne," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo, "sikuwa hivi."

"Hukuwa vipi, dada? Ni siku mbili tu."

"Nilikuwa... nimejikusanya."

"Umejikusanya?"

"Tumbo, Fundi, tumbo! Nilivuta pumzi! Unataka nitangaze kwenye kipaza sauti?"

Baba Rangi akapata kikohozi cha ghafla, ukuta ukamsitiri.

"Hakuna aibu, dada," alisema Fundi, na alisema kweli, maana wanawake wote wanaopita mkononi mwake huvuta pumzi. "Ulivuta kiasi gani?"

"Kiasi cha msichana wa miaka ishirini."

"Haya. Vuta kama vile."

Shangazi akavuta. Tepu ikasoma thelathini na tano. Binti akauliza kama Jumanne alikuja kabla ya kula au baada ya kula. Baada, akasema Shangazi, lakini kidogo. Kidogo gani? Sahani mbili. Basi thelathini na tano imezidi kubana, leo hajala. Wakampa maji vikombe vitatu. Akavuta tena. Thelathini na sita. Akaachia, akapumzika, akafuta jasho, akavuta mara ya tatu kwa ujasiri ambao nitamheshimu nao mpaka kaburini. Thelathini na sita!

"Mama?" aliuliza binti.

Fundi alitazama simu, akatazama cherehani. "Andika," alisema. "Kama ni kufa, tufe tumepima."

Nne, nne. Tatu, sita. Nne, nane.

Simu ikafikiri. Kisha ikafunguka kimya kimya, kama haikuwahi kumtesa mtu, na mabinti wote tisa wakatokea kwa mstari, vifua, viuno na nyonga. Baba Rangi alipiga kigelegele, mwanamume mzima. Shangazi akaachia pumzi aliyokuwa bado ameishikilia, na kifungo cha blauzi kikaruka mpaka barabarani. Tulicheka mpaka muuza mkaa akaja kuuliza nani kazaa.

*

Nguo zilikamilika Ijumaa ya ahadi, saa sita mchana, na hakuna hata moja iliyombana mtu. Ya Shangazi, Fundi aliikata kwa thelathini na tisa bila kusema neno. Kwenye harusi Shangazi alikula, akacheza, akainama, akainuka, na hakuna mshono uliolalamika. Kila aliyemsifu alimwonyesha Fundi kwa kidole. Walipatikana wateja watano kabla keki haijakatwa.

Mimi nikaketi, nikaandika haya yote hadi hapa kwa alasiri nne, halafu nikawasomea benchini, nikitarajia makofi.

Makofi yalikuja. Kisha binti akainua mkono kama yuko darasani.

"Babu, simu kujisasisha huchukua si chini ya robo saa. Ulikuwa unanawa mikono robo saa?"

"Nilikuwa nimekula samaki."

"Na kuku alidonoa namba sita, kwa mpangilio, mara mbili?"

"Ni kuku mwenye kipaji, mjukuu wangu."

"Sawa." Akatoka, akarudi na kuku mwekundu chini ya kwapa. Akaiweka simu benchini, akawasha ile sehemu ya namba, akamwaga punje mbili za mtama juu ya kioo. Kuku akadonoa. To! To! Simu haikusogea. Akadonoa tena, kwa hasira. Kioo kilikaa kama maji ya mtungini.

"Unaona, Babu? Skrini inataka ngozi. Mdomo wa kuku ni kama ukucha, simu haiusikii. Jaribu kwa ukucha wako."

Nikajaribu kwa ukucha. Kimya.

"Sasa kwa kidole."

Nikakitazama kidole changu. Kidole kikanitazama.

"Babu Redio," alisema Fundi taratibu, pini zikiwa mdomoni, "nilikuwa nimekupa mgongo nikiita vipimo, na kuna mtu benchini alikuwa akiniitikia 'naam' kila namba. Kuku wako anasema 'naam'?"

Mstaafu kama mimi, niliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini na moja, anajua karatasi ikishapigwa muhuri haibishaniwi tena. Nikakiri. Nilibonyeza KUBALI kwa sababu kilikuwa kijani. Simu iliporudi ikataka namba, na Fundi alikuwa anaita namba. Mngefanya nini? Nikaandika. Ikasema rudia, naye akarudia. Nilidhani ni simu yenye adabu.

"Na siku tatu zile ulikuwa unatutazama tu?" alidakia Baba Rangi.

"Nilikuwa natafuta njia ya kuwaambia bila kupoteza heshima."

"Ukampata kuku."

"Nikampata kuku."

Nilitegemea matusi. Badala yake Fundi alicheka mpaka akalazimika kutema pini. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Kiapo ni kiapo, mzee wangu."

Nikaivua begani. Binti naye hakuniacha hivi hivi. Akanikabidhi daftari jipya lenye jalada gumu, na kalamu mbili. Hati yangu ni nzuri, alisema, na kila mteja aliyemo kwenye simu ile nitamnakili mimi, kwa mkono, tangu herufi ya kwanza. Ni wateja mia mbili na kumi na mmoja. Nimefika wa thelathini. Kuku anaokota punje miguuni pangu, hanitazami.

Fundi aliiweka redio rafuni, juu ya marobota, akazungusha kidude kulia. Ikaanza kuongea papo hapo, msaliti mkubwa, wala haikumwuliza yeye ni nani.